Binti yangu atajifungulia Houston. Je, weusi wake utamponza?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tabata. Binti yangu wa tatu, miaka 29, yuko Houston, Marekani, huu mwaka wa tano, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Ana mimba yake ya kwanza, wiki 14 sasa. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti analia, eti amesoma kwamba wanawake weusi kule wanakufa kwa uzazi mara tatu ya wazungu. Nilipowaeleza ndugu, kila mtu akaja na lake. Shangazi yake anasema ni damu yetu, sisi ni watu wa presha. Kaka yangu anasema wanaokufa ni maskini wasiokwenda kliniki, binti ana bima, tusihangaike. Mimi nataka arudi azae hapa, nimkande mwenyewe mpaka arobaini yake itoke. Baba yake anasema nitamtoa kwenye hospitali nzuri nimlete kwenye foleni. Usingizi sipati. Ni kweli ngozi yake inaweza kumuua? Arudi au abaki? Na mimi niliye huku, hata Kiingereza sijui, nitamsaidiaje?"

Shikamoo mama. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Alichokisoma binti yako ni kweli. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha vifo vya uzazi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 14.5 kwa wanawake wa kizungu. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Lakini "mara tatu" inatisha bila kusema mara tatu ya nini. Vifo 50 katika vizazi 100,000 ni kama mama mmoja katika kila vizazi 2,000. Ukiwakusanya wajawazito weusi 2,000 wa Marekani, 1,999 wanabaki hai. Huyo mmoja naye ana mama kama wewe, na kwa kawaida angeweza kuokolewa. Ndiyo maana jambo hili linaniuma na nitalieleza kwa urefu. Ila binti yako akipiga tena akilia, mpe kwanza hesabu hiyo.

Sasa shangazi. Maneno yake nayasikia hata kwa wauguzi, kwamba mtu mweusi kaumbwa na presha damuni. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, walitoa utafiti unaomjibu. Walichukua rekodi za vizazi za jimbo la Illinois, wakawapanga akina mama katika makundi matatu: wazungu waliozaliwa Marekani, weusi waliozaliwa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika wakahamia kule. Kama kasoro ingekuwa damu, sisi wa kutoka Afrika ndio tungekuwa na hali mbaya kuliko wote, maana Wamarekani weusi wengi wana mchanganyiko wa damu ya kizungu. Ikawa kinyume. Watoto wa akina mama wa kizungu walizaliwa na wastani wa gramu 3,446, wa akina mama wa kutoka Afrika gramu 3,333, na wa Wamarekani weusi gramu 3,089. Mama wa kutoka kwetu alisimama karibu na mzungu. Mwaka 2002 watafiti hao hao wakawaangalia mabinti wa wahamiaji, waliozaliwa na kukulia kule kule. Hao walizaa watoto wenye uzito mdogo kuliko waliokuwa nao wao wenyewe walipozaliwa. Damu haiwezi kubadilika kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja. Utafiti huo ulihusu uzito wa watoto, haukuhusu vifo vya mama, na sitaki kuusemesha zaidi ya ulichosema. Lakini kwa swali la damu sijaona jibu zuri zaidi.

Hata hivyo shangazi hajakosea kwamba presha ya mimba ni nyingi zaidi kwa wanawake weusi wa Marekani. Amekosea chanzo. Mtafiti Arline Geronimus alitoa hoja mwaka 1992 kwamba mwili wa mtu anayeishi akibaguliwa unachakaa kabla ya umri wake. Ukiwa na hofu, mwili unamwaga homoni zinazoharakisha moyo na kubana mishipa, ili ukimbie au upigane. Hofu ikipita, mishipa inalegea. Lakini kwa mtu anayetazamwa kama mwizi kila aingiapo dukani, anayenyimwa nyumba, anayehofia polisi wakimsimamisha barabarani, mishipa haipati kulegea vizuri, na baada ya miaka inakakamaa. Kisha inakuja mimba, inayotaka mishipa ilainike ili mama amudu damu iliyoongezeka kwa karibu nusu yake. Binti yako amekulia Tabata na ana miaka mitano tu kule. Hilo linamsaidia kidogo.

Kaka yako anaamini bima na kliniki vinamaliza mambo. Natamani ingekuwa hivyo, kwani tiba yake ingekuwa nyepesi. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipovipanga vifo hivyo kwa elimu, ilikuta mwanamke mweusi mwenye shahada anakufa kwa uzazi mara 5.2 ya mzungu mwenye shahada kama yake. Tena msomi huyo mweusi yuko hatarini kuliko mwanamke wa kizungu asiyemaliza hata sekondari. Na Uingereza, ambako huduma za uzazi hulipiwa na serikali, ripoti za kitaifa zimeonyesha miaka nenda rudi kwamba hatari ya mama mweusi ni zaidi ya mara mbili ya mzungu.

Unamjua Serena Williams, mcheza tenisi. Septemba 2017 alijifungua binti yake kwa operesheni. Siku iliyofuata pumzi ikaanza kumkata. Mwaka 2011 aliwahi kupata madonge ya damu kwenye mapafu, kwa hiyo hali ile aliijua. Akamwambia nesi anahitaji picha ya CT na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa maelezo yake mwenyewe katika jarida la Vogue, nesi alidhani dawa za maumivu zimemvuruga. Daktari akaja akampima miguu kwa ultrasaundi, hakuona kitu. Serena akakazana kutaka CT. Ilipopigwa, madonge yalikuwa mapafuni. Alikuwa na fedha, jina na historia ya ugonjwa huo huo, na bado alilazimika kubishana akiwa kitandani na kidonda kibichi. Januari mwaka huo huo wa 2017 alifariki Dk. Shalon Irving, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani uchunguzi wa jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, katika CDC hiyo hiyo, wiki tatu baada ya kujifungua, kwa matatizo ya presha. Ndani ya wiki hizo tatu alikwenda kwa wahudumu zaidi ya mara moja kueleza anavyojisikia. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ukosefu wa usawa unavyowaumiza watu mwilini.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, mama: katika muda unaopita kati ya mwanamke kusema "sijisikii vizuri" na mtu kunyanyuka kwenda kumpima. Katika uzazi muda huo ni uhai. Mwishoni mwa mimba, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi kwa dakika moja inafika nusu lita na zaidi. Mfuko usipojikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, nusu saa ya kuambiwa "subiri kidogo" inatosha kumaliza mtu. CDC ilipochunguza vifo vya miaka ya 2017 hadi 2019, ilikadiria kwamba vinne katika kila vitano na zaidi vingeweza kuzuilika.

Kwa nini mwanamke mweusi anasubirishwa zaidi? Kuna historia ndefu, nitaigusa kidogo tu, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahudumia wanawake wenye fistula, lile tundu la uzazi linalovujisha mkojo au choo. Upasuaji wa kuziba fistula uliendelezwa Alabama katika miaka ya 1840 na daktari aitwaye J. Marion Sims, kwa kuwapasua tena na tena wanawake watumwa, bila ganzi. Majina ya watatu yamebaki: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu ya Sims iliondolewa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018. Imani kwamba mtu mweusi haumii kama wengine haikuondoka nayo. Utafiti wa 2016 katika Chuo Kikuu cha Virginia ulikuta karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wa kizungu waliohojiwa wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Hata vifaa vimo. Kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kinaficha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Mpaka 2021, kikokotoo kilichotumika sana Marekani kukadiria kama mwanamke aliyewahi kufanyiwa operesheni anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida kilikuwa kinampunguzia alama kwa kuwa mweusi tu.

Mama, nisiyaseme haya kana kwamba ni dhambi ya wazungu peke yao. Mwaka wangu wa pili wa udaktari, katika hospitali moja ya hapa nchini ambayo sitaitaja, nilipita kitandani kwa mama aliyejifungua siku mbili kabla. Kanga zimechuja, hakuwa na mtu wa kumletea hata chai. Akaniambia kichwa kinamuuma na macho yanaona nyotanyota. Nikamjibu ni usingizi, kila mzazi ana usingizi, nikaendelea na raundi. Siku hiyo hiyo mke wa mtu mzito alikohoa tu katika chumba cha kulipia, nikaitwa, nikakimbia. Usiku yule wa kanga alianza kutupwatupwa. Kifafa cha mimba. Tulimwahi kwa sindano za magnesiamu na alipona, lakini si kwa busara yangu. Nesi wa zamu ndiye aliyerudi kumpima presha bila kuagizwa. Mimi na mama yule tulikuwa rangi moja na lugha moja. Nilichokitazama ni kanga, nikaacha kusikia maneno.

Kwa hiyo nikija kwenye swali la arudi au abaki, siwezi kukuambia kwamba kwetu atasikilizwa kwa kuwa ni wetu. Katika hospitali moja kubwa ya hapa Dar, watafiti waliwauliza akina mama wakiwa wanaruhusiwa kutoka kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Asilimia 15 walisema ndiyo. Wakawafuata wakiwa majumbani kwao baada ya wiki nne hadi sita, wakauliza tena, na asilimia 70 wakasema ndiyo. Ukiwa bado mikononi mwa watu, husemi. Mambo yamekuwa yakirekebishwa tangu wakati ule, nami nayaona kwa macho yangu, lakini hatujafika.

Namba za kitaifa nazo zinambeba baba yake. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta hapa Tanzania vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, baada ya 556 katika utafiti wa 2015–16. Ni hatua kubwa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa juu zaidi ya hapo, 238. Ukichukua hata ile ndogo, bado ni mara mbili ya mwanamke mweusi wa Marekani. Hizo ni wastani wa nchi nzima, na binti yako angezalia Dar, karibu na hospitali za rufaa, si kijijini kwenye barabara ya matope. Lakini kuvuka bahari hakumpunguzii hatari. Akirudi atamwacha mkunga anayemjua, atapoteza bima inayofanya kazi kule kule tu, na atakaa angani saa nyingi, jambo linaloongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Ushauri wangu ni abaki. Ningesema tofauti kama angekuwa hana bima kabisa, au anaishi peke yake bila mtu hata mmoja wa kumshika mkono. Upweke katika uzazi nao ni hatari ya kitabibu. Akiamua kurudi kwa sababu hiyo, asafiri kabla ya wiki ya 28, kwani baada ya hapo mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari na kuelekea wiki ya 36 hukataa. Atembee ndani ya ndege, na afungue kliniki hapa wiki hiyo hiyo anayofika.

Ila wewe, mama, kama njia ipo, uende. Si kwa siku ya kujifungua tu. Uende kwa ajili ya arobaini, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika jibu hili.

Watu wengi hudhani hatari ni leba. Mtoto akishalia, ndugu wanapiga vigelegele, macho yote yanahamia kwake. Katika uchunguzi ule wa CDC, vifo 22 katika kila 100 vilitokea wakati wa mimba, 25 siku ya kujifungua au ndani ya siku saba, na 53 baada ya siku ya saba hadi mwaka kuisha. Zaidi ya nusu! Zipo sababu za mwili. Maji yaliyojaa miguuni na usoni wakati wa mimba yanarudi kwenye mishipa siku chache baada ya kujifungua, na presha hupanda hadi kilele chake kati ya siku ya tatu na ya sita. Marekani mama huruhusiwa kwenda nyumbani siku ya pili, au ya tatu na ya nne kama ni operesheni. Yaani presha inafika juu wakati hakuna nesi. Damu nayo, ambayo mwili uliizidishia uwezo wa kuganda ili mama asivuje mpaka afe, inabaki nzito hivyo wiki sita na zaidi, ndipo madonge yanapojitengeneza miguuni na kupanda mapafuni. Moyo pia unaweza kupanuka na kuchoka, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baadaye. Kwa wanawake weusi wa Marekani, matatizo ya moyo ndiyo yanayoongoza kuua. Na kwa miaka mingi miadi ya mama kule ilikuwa moja tu, wiki ya sita. Chama cha madaktari wao wa uzazi kilibadili mwongozo 2018: mama aonwe au apigiwe ndani ya wiki tatu, na aliyekuwa na presha kali apimwe ndani ya saa 72. Binti yako aulize mapema, "Nikishajifungua nitaonwa lini?" Wakimwambia wiki ya sita tu, aombe ya mapema zaidi.

Arobaini yetu ilikuwa na hekima: mzazi halali peke yake. Lakini ndani yake kuna mambo yanayoficha ugonjwa. Tunasema kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi, miguu imevimba kwa kukaa, anahema kwa uchovu, ana joto kwa sababu maziwa yanaingia. Mara nyingi ni hivyo kweli. Kichwa kisichotulia kwa dawa, hasa kikija na nyotanyota au maumivu chini ya mbavu za kulia, hicho ni presha mpaka kipimo kikatae. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, msiuchue kabisa, wala kwa mafuta ya nazi. Donge likisukumwa linasafiri. Akishindwa kulala chali bila kukosa pumzi, akikohoa usiku, akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, akipata homa, akianza kusema mtoto angekuwa heri bila yeye, hakuna cha kusubiri kesho. Kumkanda kwa maji ya vuguvugu mgongoni na miguuni iliyo mizima hakuna ubaya, ila tumbo lisikandamizwe na mshono wa operesheni usiguswe na maji ya moto. Uji wa pilipili manga mpe. Na asilazwe arobaini nzima. Atembee ndani ya nyumba kuanzia siku ya kwanza, damu itembee.

Jambo moja ambalo vitabu vingi vya kule havimfundishi nesi: ngozi yetu huonyesha dalili kwa namna nyingine. Titi lenye maambukizi huandikwa "jekundu". Kwa binti yako huenda lisiwe jekundu, litakuwa gumu, la moto, linauma upande mmoja. Upungufu wa damu utazameni ndani ya kope la chini, kwenye ufizi na viganja. Mtu akimtazama mkono akasema "rangi yako nzuri", amuonyeshe kope.

Sasa afanye nini wiki hii. Ana wiki 14, na huu ndio wakati wa kuuliza kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unashauri miligramu 81 kila siku, kuanzia wiki ya 12, kwa wajawazito walio katika hatari ya kifafa cha mimba. Kuwa mimba ya kwanza ni sababu moja ya wastani. Kuwa mweusi wameiweka kuwa nyingine, na wakaeleza wazi kwamba ni kwa sababu ya mazingira ya kijamii, si ya maumbile. Sababu mbili zinatosha kuifikiria. Ni vizuri ianzwe kabla ya wiki ya 16, kwa hiyo asingoje. Asijinunulie mwenyewe, vidonda vya tumbo, mzio au ugonjwa wa kutoka damu vinaweza kumkataza. Aulize tu, kwa jina: "Je, nastahili aspirini?"

Anunue mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, ya saizi ya mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kupandisha. Akae dakika tano bila kuongea, mkono usawa wa moyo, ndipo apime. Napenda namba kwa sababu haina rangi. Katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na ambao Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoshiriki, akina mama waliwekewa chini yao mfuko wenye mistari ya kupimia damu baada ya kujifungua, na mstari ukifikiwa matibabu yote yanaanza kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna aliyeulizwa kama anamwamini mama au la. Huko Houston binti yako aulize hospitali yake swali hilo: damu mnaipima, au mnaikadiria kwa macho?

Apate mtu wa kusimama naye. Mume, rafiki wa kanisani au msikitini, au msaidizi wa uzazi wa kulipwa, ambao kule wapo na wengine ni weusi wanaofanya kazi hiyo kwa ajili ya hili hasa. Mtu huyo ajue maneno mawili. La kwanza, kila anapoingia hospitali baada ya kujifungua, kabla ya kueleza maumivu: "Amejifungua siku kadhaa zilizopita." Daktari wa dharura asipolijua hilo atatibu kichwa cha kawaida. La pili, akikataliwa kipimo: "Tafadhali andika kwenye faili kwamba ameeleza dalili hii na umeamua usimpime." Halihitaji ukali. Nimeona wenzangu wakibadilisha uamuzi kwa sentensi hiyo, na mimi nimewahi kubadilisha. Bima isimtie hofu usiku wa dharura: tangu 1986 sheria ya Marekani inailazimu idara ya dharura kumpima mgonjwa na kuiweka hali yake sawa kwanza, awe na fedha au asiwe nazo. Bili itakuja, lakini itamkuta hai. Na kama bima yake ni ya serikali, Texas iliongeza muda wake baada ya kujifungua kutoka miezi miwili hadi 12 kuanzia Machi 2024. Wahamiaji wana masharti yao, aulizie mapema la kwake.

Kuhusu Kiingereza, usione haya. Ukiwa naye kule, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuleta mkalimani bila malipo, na Kiswahili ni lugha wanayoweza kuipata kwa simu. Usikubali mjukuu wa jirani akutafsirie habari za damu.

Viza ikikwama, kazi yako ipo vile vile. Kila ukipiga, muulize yeye kabla ya mtoto. Usimuulize "hujambo", atajibu "sijambo" hata akiwa hoi, ndivyo tulivyowalea. Mwambie akusomee namba za presha, zote mbili, uziandike kwenye daftari. Ya juu ikifika 140 au ya chini 90, apige simu kwa mkunga wake siku hiyo hiyo. Ikifika 160 au 110, ni hospitali sasa hivi, hata kama anajisikia mzima. Houston iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa kutegemea majira. Saa nane za usiku, wakati binti yako yuko macho peke yake na mtoto, anajiuliza kama kichwa hiki ni cha kawaida na anaona aibu kumwamsha mtu, kwako Tabata ni saa nne au saa tano asubuhi. Mwambie akupigie wewe.